Betri Nyuma ya Kiti

Mwenzangu, sikia. Nusura nimuue mama leo.

Lile gari la spoti la kaka liligoma kuwaka. Yuko safarini, akanituma nikanunue betri. Muuzaji akanitajia aina mbili. Moja ina kimrija cha kutolea hewa, lakini hiyo ingefika kesho. "Dada, zote zinawasha gari," akasema. Nikachukua ile isiyo na mrija, kijana wake akaja kuifunga.

Kumbe gari lile betri inakaa ndani, nyuma ya kiti cha abiria. NDANI!

Nikampakia mama kumpeleka kliniki, vioo juu. Njiani akaanza kukohoa. "Mbona kunanuka mayai viza?" Nikacheka! Nikamwambia ni mtaro.

Kumtazama tena, kichwa kimeanguka begani. Mama? Mama!

Nilisimama katikati ya barabara nikamburuta nje. Fundi wa gereji ya jirani akaja mbio, akasogeza kiti, akashtuka na kurudi nyuma. "Betri inachemka, na haina mrija wa kutoa gesi nje! Hiyo harufu ni gesi ya sumu!"

Mama amezinduka, tuko hospitali. Daktari ameniambia niende nyumbani nikalale.

Siendi. Nimekaa hapa kwenye benchi, nasikiliza anavyopumua.