Mke wa Mtu Halali Garini

Makangale, Jumatano, baada ya magharibi

Ati mke wa mtu halali garini! Tuliomba kuegesha gari tu uani kwa Bi Time, mama tuliyemkuta hapa kijijini, lakini hakutaka kusikia habari ya godoro letu la nyuma wala mapazia niliyoshona mwenyewe. "Kipupwe hiki, na mie n'na chumba? Watu watan'ambiaje?" Begi langu likaingizwa ndani. Mume wangu, Baba Neema, akaachiwa gari na blanketi.

Kusema kweli, nilishukuru. Leo siku ya tatu tangu tutoke Chake kufuata pwani, na kila usiku akianza habari ya uhamisho wake wa Dodoma najifanya nimelala. Anataka kujua kama nitamfuata au nitabaki na wanafunzi wangu. Safari hii aliipanga ili tuzungumze. Mimi nasifia bahari.

Sasa hivi Bi Time kanipa kikombe cha chai ya tangawizi. "Mpelekee mumeo."

Nikamwomba na cha pili. "Hawezi kunywa peke yake," nikasema. "Hajawahi."

Nilishtuka kujisikia nikisema hivyo. Basi jibu la Dodoma limeshatoka, ila kalisikia Bi Time, si yeye.

Chai ya pili inachemka. Ikiiva, natoka.