Projet ya Ndege

Jumatatu, 4 Mei
Magodoro tena. Nimeyakuta kumi juu ya meza za chumba cha kuchorea, yananuka mkojo wa panya. Ni ya shemeji wa prefe, mkuu wetu wa shule. Nimeyatoa nje mwenyewe. Prefe anataka chumba kiwe depo ya kuyahifadhi. Kuchora kwa mkono, anasema, kumekufa. Nimelalamika kwa kamati ya wazazi. Wameamua: nitoe somo la hadhara Jumamosi. Watu wakija, chumba kinabaki. Wasipokuja, magodoro.

Jumanne, 5 Mei
Nitafundisha ninachokipenda: ndege za kivita za Waingereza zilizoishia kwenye karatasi. Miaka kumi na miwili nanakili michoro hiyo. Nimebandika tangazo sokoni na bandarini Kalundu. PROJET ZA NDEGE ZA WAINGEREZA. Wote karibuni.

Alhamisi, 7 Mei
Kinyaa. Muuza ndagala (dagaa) wa Kalundu ameniuliza kama alete fotokopi ya kadi ya mpiga kura. Ndipo nikaelewa. Kwetu wachoraji, projet ni mchoro wa kitu kisichoundwa bado. Kwa mji mzima wa Uvira, projet ni gari jeupe la shirika la msaada, orodha ya majina na sabuni. Wengine wanasema tutagawiwa ndege wa kufuga. Wengine, ndege italeta mbegu. Upumbavu mtupu.

Kubadilisha neno moja kungenichukua dakika. Sikubadilisha.

Jumamosi, 9 Mei
Wamejaa hadi madirishani, bahasha za fotokopi mapajani. Nimefundisha vizuri, Mungu shahidi. Jinsi Waingereza walivyotaka ndege iinuke bila uwanja na bado iipite kasi ya sauti. Nozeli nne, midomo ya kutolea moto, za kugeuka chini. Hewa ya moto ikarudi kwenye kinywa cha injini, wakajaribu nozeli tatu. Mkia mmoja ukawa miwili mirefu, moto upite katikati. Kila mchoro ukisahihisha uliotangulia. Wakafika hadi umbo la mbao, ukubwa kamili. Basi. Hawakuiunda.

Hakuna aliyesinzia. Walikuwa wanangoja orodha. Nikapitisha karatasi ya mahudhurio, wakaandika majina kwa herufi kubwa, na namba za simu ambazo hakuna aliyeziomba. Nikawaacha waandike. Kamati ikapiga makofi. Prefe akatoka amenuna.

Nimeshinda. Wa kuchukiza leo si prefe.

Jumapili, 10 Mei
Sikwenda misa.

Jumatatu, 11 Mei
Nimemkuta mama mmoja mlangoni, mkulima wa Katogota. Alikuwepo Jumamosi.

“Mwalimu, minye nilijiandikisha na batoto yangu batatu. Projet iko inaanza siku gani?”

Nikamwambia kweli. Hakuna projet. Ni michoro tu, ya ndege ambazo hata wenyewe hawakuziunda.

“Sasa juu ya nini uliacha niandike?”

Akaomba nimwonyeshe karatasi. Akalitafuta jina lake kwa kidole, taratibu, akachukua kalamu mezani, akalikata. Kisha ya watoto, moja moja. Mistari imenyooka kuliko ya wanafunzi wangu. Akarudisha kalamu, akaniaga kwa heshima, akashuka kwenda barabarani.

Chumba ni changu. Leo sijachora kitu.