Majibu Hayakurudi Madaba

Mfaranyaki,
Songea.
9 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Noela,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia. Je, afya yako ikoje katika baridi hiyo ya Ubelgiji? Sisi hatujambo. Mama yako mdogo Ekaristia amepata nafuu ya kifua, na mahindi tumekwisha kuyaingiza ghalani. Habari njema zimeishia hapo. Naandika kwa sababu kwa simu ningepiga kelele. Binamu yako Selestine ataipiga picha barua hii akutumie leo, maana posta haitawahi.

Shangazi yako Notburga amelazwa hapa Songea. Mwezi wa sita alijikata mguu kwa panga akifyeka mabua, akafanya kama wafanyavyo wote kule Madaba: alifungua vidonge vya antibiotiki tuviitavyo rangi mbili, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda. Kilipozidi kuoza, akazidisha unga. Daktari Amedeus anasema mguu utakatwa Alhamisi.

Daktari huyo aliposikia mgonjwa ametoka Madaba, aliniuliza kama namfahamu mtafiti aitwaye Noela. Nilijibu kwa majivuno kwamba ni binti wa kaka yangu. Ndipo akanieleza utafiti wako: watu wa kule huwatilia kuku rangi mbili katika maji ya kunywa, na vijidudu vimeizoea dawa hiyo hata haiviui tena, si kwa kuku, si kwa binadamu. Uliyachapisha hayo mwaka jana, kwa Kiingereza. Majivuno yangu yalikoma palepale.

Noela, wewe na watafiti wenzako mlikuja Madaba na vichupa vyenu. Mlikwangua kinyesi cha kuku, mkawapangusa watu viganja kwa pamba, mkala ugali na mboga ya likolo jikoni kwa Notburga. Mliahidi kuleta majibu. Tangu hapo, kimya.

Umezaliwa kwetu, unajua jinsi tunavyokielewa kimya cha daktari. Mtu akipimwa asiitwe tena, basi ni mzima. Notburga aliwaambia majirani, "Wangekuta kitu, Noela angenipigia. Si mwanangu yule?" Kabla hamjaja, wengine walikuwa na wasiwasi na dawa ile. Ninyi mliwaondolea.

Jirani yangu Otto ananicheka: "Mzee, mavi ya kuku wetu yamepanda ndege hadi Ulaya, habari zake hazijafika hata Njombe!" Unisamehe kwa neno lake.

Usinieleze habari za mradi kumalizika. Simu unayo, na Kiswahili tulikufundisha. Katekista wa Madaba amekubali kukupa nafasi Jumapili baada ya ibada. Ataiweka simu yake kwenye kipaza sauti. Utawaambia mlichokikuta na wanachopaswa kukiacha, kwa maneno ambayo mama mwenye kuku atayaelewa.

Ekaristia na Selestine wanakusalimu. Notburga naye anakusalimu sana, na amewasimulia wagonjwa wenzake wodini kwamba ana mtoto mtaalamu Ulaya. Hajui kwamba ulijua. Sikumwambia, kwa kuwa aliyeahidi majibu si mimi. Mpigie kabla ya Alhamisi, umwambie wewe mwenyewe, angali na miguu miwili.

Mungu akulinde, akupe na ujasiri wa kuinua simu hiyo.

Mimi nikupendaye hata nikikasirika,
Baba yako mdogo,
Leodegari