Kuhusu Mbwa Wetu Bosi, Kesho Saa Tatu

Baba Chebet,

Ugali uko kwa sufuria, sukuma nimefunika. Ukiamka usimwite Bosi ashuke ngazi, miguu ya nyuma imekataa kabisa. Mpelekee maji pale alipolala. Saa nane mpe nusu kidonge cha maumivu, kifiche ndani ya chapati.

Leo asubuhi alijikojolea, akajaribu kujiburuta atoke mbele yetu, kwa aibu. Mimi nilisimama tu na funguo za gari mkononi. Binti yako akapiga magoti, akampangusa kwa taulo yake mwenyewe, huku akimwambia, "Pole, mzee wangu." Kisha akanigeukia na, ajabu, hakuongea Kizungu: "Mama, tunamweka hai kwa sababu yetu, si kwa sababu yake. Tumwache aende."

Mimi ninayeuguza wazee wa watu kila siku, neno hilo lilinishinda miezi mitatu. Mtoto wa miaka kumi na tano amelisema bila kuyumba.

Nimempigia daktari wa mifugo. ~~Ni Jumamosi, tupate siku mbili zaidi.~~ Hapana. Nimempigia tena, ni kesho saa tatu. Chebet anataka kumshika mwenyewe hadi mwisho. Usimkatalie.

Akitoka shule, zile hotuba zako weka kando. Mkumbatie. Mwambie mamake alilia kwa gari mpaka hapa kazini Coon Rapids, kidogo kwa ajili ya mbwa, na zaidi kwa kujivunia yeye.

Mama Chebet