Saba Imeondoka, Tisa Imekuja, na Mke Wangu Haniamini

Mpendwa Shangazi wa gazetini, safu yako nimeisoma miaka mingi nikiwacheka wenzangu na leo zamu imenifikia, naomba unisaidie kabla mke wangu hajaondoka na cherehani yake, na tafadhali haya ninayokuandikia usimwambie mtu kwa sababu ni siri ya jeshi.

Mimi ni fundi rangi kwenye meli ya kivita, meli namba saba, na meli yenyewe haijatoka gatini mwaka wa sita huu, injini imekufa na chini ya jiko kuna tundu tunaloliziba kwa godoro, lakini amri ni kwamba raia asijue wala adui asijue, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili tunaziaga familia zetu, tunapanda na mabegi kwa heshima zote, halafu alfajiri mimi nateremshwa kwa kamba ubavuni, naifuta saba na kupaka tisa, ili mji uone kwamba saba imekwenda doria na tisa imekuja kupumzika, na sisi tunakaa humo tumboni siku ishirini na moja, madirisha yamefungwa, tunachota maji kwa ndoo na kula wali, kisha nairudisha saba na tunashuka tukipepesuka kama watu waliotoka baharini, maana hata kupepesuka tunafanyishwa mazoezi.

Sasa mke wangu ni fundi cherehani, na juzi juzi amehamia chumba cha kushonea ghorofa ya tatu ambacho dirisha lake linatazama gati, akaiona ile tisa, akaikodolea macho, kwa sababu tisa yangu ina mkia uliojikunja na ni ileile niliyoipaka kwenye mlango wa nyumba yetu. Niliporudi alinipokea begi akasema, "Baba watoto, saba imeondoka, sawa. Tisa imekuja, sawa. Hiyo tisa umeipaka wewe, mkono wako naujua. Sasa kama saba ilishaondoka, wewe ulibaki kwa nani?"

Akanizunguka kama anayenipima suti. "Umenenepa. Umetakata. Mtu wa baharini wiki tatu hata pua haijaungua jua! Nani alikuwa anakulisha?"

Shangazi, aliyekuwa ananilisha ni mpishi wa meli, mwanamume mwenye ndevu mpaka kifuani, lakini nitamtajaje? Nikasema huko baharini kulikuwa na mawingu. Akavua futi yake shingoni, akakaa, akaanza kulia. "Kila safari nakushonea pajama mpya ili usipate baridi. Nimechoka kumuaga mtu asiyekwenda popote." Hapo na mimi nililia, maana amesema kweli tupu.

Tunapanda tena Jumatatu ijayo, naye ameapa kwamba nikitoka na begi nitarudi nikute kuta. Nikisema ukweli nafungwa, nikinyamaza naachwa, na mke huyu nampenda. Nifanyeje?

Fundi Rangi, baharini (kwa mujibu wa karatasi)

SHANGAZI ANAJIBU:

Fundi Rangi, pole baba, futa machozi tuongee.

Umeniomba nisimwambie mtu, ukaliandikia gazeti ambalo kesho linafungiwa karanga sokoni. Haya, mimi nimetunza: lile tundu la chini ya jiko sitaligusia hata kidogo. Godoro ndiyo kabisa.

Lakini hebu niambie, adui gani huyo mnayemficha? Akitaka kujua hali ya meli yenu si anaitazama tu kutu? Katika mji mzima mtu mmoja tu ndiye ameamini kweli kwamba saba huondoka, naye ni mkeo, huyohuyo ambaye leo unatamani asingeamini. Hongera kwa kazi nzuri ya rangi.

Na mkeo usimwite mwenye wivu. Ana macho na ana akili. Kwa alivyoviona, mimi begi lako ningelitupa uani na wewe ukiwa umelishika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeuficha mpaka kwa anayekushonea nguo!

Sasa nisikilize. Jumatatu usitoroke. Mpe begi alifunge mwenyewe, na atie pajama zote alizowahi kukushonea. Mlangoni mwambie hivi tu: "Mama watoto, kila siku saa sita mchana, inua macho uitazame tisa." Hujataja injini, hujataja saba, kiapo chako kizima.

Ukishapanda, kila saa sita toka humo tumboni uanike pajama moja kwenye reli, upande wa mji. Leo ya bluu, kesho ya mistari, keshokutwa ile yenye vifungo visivyofanana. Kamanda akifoka, mwambie hizo ni bendera za mawasiliano, wala hutakuwa umesema uongo. Na wali upunguze.

La mwisho, na hili ulishike: usizianike vizuri. Zianike kama unavyoanika nyumbani, mguu mmoja juu, mwingine chini, bila kibanio. Mkeo akiona kazi ya mikono yake inaning'inia ovyo vile siku ishirini na moja, atajua uko humo, na atajua hakuna mwanamke mwingine humo ndani.