Jiwe la Ngazi Yako

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye mbele Yake hakuna maiti aliyesahauliwa.

Kwako mdogo wangu Athumani, Pangani.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wewe, shemeji na wajukuu mu wazima. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo baridi ya Johannesburg haiyaonei huruma. Bado nawasomesha watoto Kurani hapa mtaani Mayfair. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza.

Picha ya nyumba yako mpya imenifika, pamoja na ombi lako kwamba nije niifungue kwa dua, kisha nikae humo hadi mwisho wa umri wangu. Kabla sijakujibu, nisikilize.

Mwaka jana nilipomtembelea mwanangu Rukia huko Ujerumani, alinitembeza katika mji wa kale wa Regensburg, wenye nyumba za mawe zilizobanana na vichochoro vyembamba kama vya kwetu. Tukafika kwenye uwanja ambako watu walikuwa wakinywa kahawa juani.

"Baba," akaniambia, "hapa palikuwa na mtaa wa Mayahudi."

Karne nyingi zilizopita, Kaizari aliyewalinda alipokufa, wenyeji waliwafukuza katikati ya baridi. Walipewa siku chache tu. Nyumba zao zikabomolewa, na hekalu lao pia. Kisha wenyeji wakageukia makaburi: wakang'oa mawe yake na kuyapachika katika kuta za nyumba zao, yawe pambo la ushindi. Hawakuwa wa dini yetu, lakini maiti ni maiti.

Jiwe moja nililiona juu ya mlango wa duka la mikate, na herufi zake bado zinasomeka. Rukia akamwuliza mwenye duka kama halimsumbui. Yule mama akacheka. "Wageni hupenda kulipiga picha. Wenyewe wameondoka zamani."

Nilirudi huku nikiwa nimemlaani moyoni. Nilidhani ubaya huo ni wa watu wa mbali.

Juzi nilimpelekea Abdi picha yako anikuzie kwenye simu, maana macho yangu hayafai tena. Huyu ni Msomali mwenye duka karibu na msikiti. Zamani duka lake lilikuwa mtaa mwingine wa huku, Jeppestown. Likavunjwa mchana kweupe siku wageni waliposhambuliwa, majirani wakibeba mali. Husema kwa kicheko kwamba friji lake sasa limo katika spaza, yaani kiduka cha nyumbani, ya jirani mmoja, naye akipita huko hununua maziwa kutoka friji lake mwenyewe.

"Eish, Mwalimu! Ndugu yako sultani," akasema. "Tazama ngazi ya marumaru!" Akakuza zaidi, na kicheko kikamkatika. "Mwalimu, hii imeandikwa. Soma wewe."

Pichani umesimama juu ya ngazi hiyo peku, unatabasamu, na ndoo ya kunawia miguu iko pembeni. Nikakupigia. Nawe ukanijibu: "Kaka, yale ni mawe ya Waarabu tu, yalikuwa yamelala kiwanjani. Wenyewe wameshaondoka."

Nilikata simu nisije nikakutamkia neno lisilorudi. Wewe ulitoroka chuoni kabla ya kumaliza juzuu ya kwanza, kwa hiyo huwezi kusoma unachokanyaga. Nakusomea: Thureya binti Nasori. Ni yule jirani aliyekunyonyesha pamoja na mwanawe, mama alipokuwa mahututi baada ya kukuzaa. Kwa sheria ya dini yetu, yeye ni mama yako. Watoto wake walipohamia Maskati walituachia kaburi lake tulitunze. Leo unapangusia matope juu ya jina lake.

Sitakuja. Nimemwachia Abdi wasia: nikifa, anizike huku huku ugenini. Nikizikwa Pangani, huenda siku moja ukapungukiwa jiwe la jikoni.

Ukitaka nibadili nia, usinipigie tena. Ling'oe jiwe hilo kwa mikono yako, ulibebe begani mchana, upite nalo sokoni watu wakikuona, ulirudishe ulikolitoa. Hapo nitumie picha.

Nisalimie dada yetu Mwanaidi, na imamu wa msikiti wetu. Nisalimie pia shemeji yangu, mkeo. Yeye alihitimu Kurani. Muulize, anapoifagia ngazi hiyo kila asubuhi, huwa anasoma nini.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe na wote waliomo nyumbani mwako, na ampe kila aingiaye humo macho ya kuona anapoweka mguu. Amin.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Bakari