Aliyetoboa Siri ya Goti Lako

Mdogo wangu Amani,

Leo roho imenichafuka. Nimefungua simu hapa kwenye meza yangu ya kushonea, Newtown, nikakuta timu yako ya zamani ya mpira wa kikapu ya chuo imeweka picha yako umeruka, mpira mkononi, na chini yake wameandika: "Tunakukumbuka, shujaa. Tulikuwa nawe siku zote." Nawe wapi? Hawana haya, hawajui vibaya. Nilitamani kuitupa simu barabarani ikanyagwe na teksi.

Lakini kabla sijawatukana, nisikilize. Sipho hakusema. Tangu mwaka jana hujamjibu hata ujumbe mmoja, kwa sababu unaamini rafiki uliyekaa naye chumba kimoja hosteli ndiye aliyewaambia wapinzani ni goti gani lililokuwa bovu. Si yeye. Aliyesema namjua, na nitamtaja hapa hapa, kwenye barua hii ninayoiweka wazi mtandaoni, mbele ya kila atakayesoma, maana kosa lenyewe halikufanyika mafichoni. Ila niache kwanza niteme haya yaliyonijaa kinywani.

Unakumbuka siku ile ulipokuja kwangu ukiwa bado na jezi, ukaketi juu ya robota la vitenge, ukakunja suruali? Goti la kushoto lilikuwa limefura kama andazi. "Yaya, usipige kelele," ukaniambia, kama unavyoniita dada yako mkubwa tangu utoto. Nikapiga kelele. Daktari wa timu alikuwa ameshakupima, kano imechanika nusu, pumzika miezi mitatu. Kocha naye akasema ligi imebakiza wiki tatu, na watu wanajaza ukumbi kuja kumwona namba saba. Basi ukaachwa ucheze. Na timu ikatangaza kwa mashabiki kwamba Amani amejigonga kidogo goti la kulia, msiwe na wasiwasi, Jumamosi yuko uwanjani.

La kulia! Nilidhani wamekosea kuandika. Ukacheka, ukanieleza kama unamweleza mtoto wa chekechea: wametaja goti zima makusudi, ili wapinzani wahangaike nalo, na lile bovu lisiguswe. "Ndiyo mchezo, yaya. Timu zote zinafanya." Kisha ukaniomba nikushonee soksi mbili za goti. Moja nene, nyeupe, ya kuonekana mpaka viti vya nyuma kabisa, ya goti zima. Nyingine nyembamba, rangi ya ngozi yako, ya goti bovu. Na mimi, mjinga mwenye cherehani, nikashona. Nilipokupima kwa utepe uliuma mdomo, nikajifanya nashughulika na pini.

Nilikuja kukutazama Jumamosi hiyo. Ulikuwa unachechemea, na jamaa mmoja nyuma yangu, mdomo umejaa chipsi, anapayuka: "Anajivuta huyo! Si walisema amejigonga kidogo tu?" Niligeuka nikamtazama mpaka akaacha kutafuna. Nilimchukia, lakini nisiwe mwongo, yeye alikuwa amedanganywa. Na wangemwambia ukweli wote, angefanya nini? Angezijadili kano zako na wenzake kama watu wanaochagua nyama buchani. Aliyekata tiketi ameona mchezo, goti hajauziwa. Wangesema tu, "Amani ameumia, hachezi," wakanyamaza. Mbona ni maneno matatu? Lakini hapana, walitaka ucheze, kwa hiyo ilibidi wadanganye, na ukabebeshwa uongo huo mguuni. Ptuu!

Sasa nije kwangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa letu unalijua. Mtu hasimami akasema "niombeeni" halafu akakaa. Utasema ugonjwa, utasema kiungo, utasema na upande. Nilisimama, nikasema mdogo wangu ana shida ya mguu. Mama mchungaji akanikatiza: "Fungua, dada. Mungu haombwi kwa mafumbo." Nikafungua, Amani. Wiki nzima zile soksi zilikuwa zinanisuta, na mdomo ulipopata njia haukusimama. Nikasema ni goti la kushoto, limechanika, lile la kulia ni danganya toto. Nikasema mpaka rangi za soksi. Watu wakanyoosha mikono, wakaomba kwa Kiswahili, wakaomba kwa Kifaransa, wengine wanalia. Nilitoka pale mwepesi, eti nimetua mzigo. Kumbe nimeutua juu yako.

Kabla sijafika nyumbani, grupu la kwaya lilikuwa limeandika: "Tuombee goti la KUSHOTO la kaka Amani." Waliandika kwa upendo, nakuapia. Ombi hilo likatoka hapo likaenda grupu la wanafunzi wetu Wakongo, na kule wamo wanaosoma chuo mlichokuwa mkutane nacho wiki hiyo. Ijumaa ujumbe ukanirudia mwenyewe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu, umeongezewa vicheko: "Msidanganywe na soksi nyeupe." Nilikuwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawaka ya kijani, watu wakavuka wakaniacha. Nilijua kabisa maana yake nini. Ningekupigia pale pale ungekaa nje, hata kama kocha angepasuka. Sikupiga. Niliona haya. Nilijiambia Mungu atazuia, kana kwamba nilikuwa nimemwachia nafasi.

Kesho yake uwanjani, namba kumi na moja wa wapinzani hakuitazama soksi nyeupe hata mara moja. Alikuja na bega, chini, upande wa kushoto, wewe ukiwa umeshaachia mpira. Ulilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nilipokubeba mgongoni. Na nusu ya ukumbi wakashangilia.

Hospitali ulisema, "Waliojua ni kocha, daktari na Sipho. Basi ni Sipho." Mimi hukunihesabu. Nilikuwa nimekushika kisigino, nikakwambia, "Pole, mdogo wangu." Sipho alipokuja na mfuko wa machungwa ulimfukuza mbele ya wauguzi, na mimi ndiye niliyemsindikiza hadi mlangoni. Alinitazama akisubiri niseme chochote. Nikamwambia asante kwa machungwa.

Chuo kikakata ufadhili, ukapanda basi kwenda Lubumbashi kwa mama na mguu wa plasta umenyooka njia nzima. Nawachukia waliodanganya, na nawachukia walioshangilia. Lakini mwaka mzima huu nimeamka nikinawa uso huku nimefumba macho, nisikione kilichomo kwenye kioo.

Wiki iliyopita nilikwenda Alexandra, kwa kina Sipho. Nilimwambia yote, mama yake akiwepo. Yule mama hakunikaribisha hata maji, na alifanya vizuri. Sipho akasema, "Eish, sis. Mwaka mzima timu nzima inaniita nyoka. Hata kula nilikuwa nakula peke yangu. Pole yako sitaki. Mwambie Amani."

Basi nimekwambia. Ni mimi. Nilisema goti lako mbele ya kanisa zima bila kukuuliza, nikajua limefika kwa wanaokuwinda, nikakaa kimya, kisha nikaacha mtu mwingine aitwe msaliti kwa kosa langu. Maombi hayakuwa kosa. Kosa ni kwamba goti lilikuwa lako, na mimi niliona lina wenyewe wengi, kama vile kocha alivyoona.

Msamaha sikuombi hapa. Kumwomba mtu msamaha mbele ya watu ni kumbana ukutani, akikataa aonekane mbaya yeye, na mimi nimeshakubana vya kutosha. Msalimie mama. Ukitaka kumsomea barua hii, msomee yote, usiniruke mahali popote.

Kwaheri, mdogo wangu. Namba ya Sipho haijabadilika. Mpigie yeye kwanza, leo, kabla ya kuniwaza mimi. Mkimaliza, kama utakuwa umebakiwa na maneno, hata kama ni matusi matupu, nipigie na mimi.

Ni yaya wako, niliyesema